Kuku Tuliowakuza Walthamstow

Wenzangu wa kikundi chetu cha watu wa maabara, Watanzania na Wakenya wa huku London, wameniomba niandike machache kwa kuwa sasa nimestaafu. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba nisiulizwe habari za vyeo. Vyeo nilivyopata ni vichache, na kila kimoja kilikuja na mikutano yake. Nitaandika juu ya kazi yenyewe, yaani kukuza seli. Seli ni vile vijipande vidogo kabisa vya kiumbe hai ambavyo jicho halivioni bila hadubini. Ukizitunza vizuri nje ya mwili, zinaendelea kuishi na kuongezeka. Kazi yangu ilikuwa kuzitunza. Kwa miaka mingi nilikuza ngozi ya binadamu. Miaka ya mwisho nilikuza nyama ya kuku, mpaka watunga sheria wa jimbo moja la Marekani, ambalo sijawahi kulikanyaga, walipoamua kwamba isiuzwe.

Siku ya kwanza niliingia maabara ya hospitali moja kubwa katikati ya London nikiwa nimevaa viatu vipya vilivyonibana. Mkuu wa chumba alikuwa Mhindi mfupi mwenye miwani minene, Bwana Kantilal. Alinisalimu kwa Kiingereza, akanipa koti jeupe, akanikalisha mbele ya kabati la kioo linalopuliza hewa safi. Akaniambia nihamishe maji ya rangi kutoka chupa moja kwenda nyingine kwa pipeti, ambayo ni kijimrija cha kupimia. Tone moja likaanguka mezani. Nikajisemea kwa sauti ndogo, "Mungu wangu, leo nimekwisha."

"Hujaisha, binti," sauti ikanijibu nyuma yangu kwa Kiswahili kilichonyooka. "Futa, uanze upya."

Niligeuka nikidhani kuna Mtanzania mwingine ameingia. Alikuwa ni yeye. Alizaliwa Mwanza, baba yake akiuza vitambaa huko, na ujana wake wote alikuwa akicheza mpira na watoto wa Kisukuma. Familia ilipohamia London wakakaa Tooting, na pale Tooting ndipo alipooa na kulea.

"Mke wangu anasema nikiota naongea Kiswahili," alisema. "Sasa nitaongea nikiwa macho."

Kwa hiyo kazi hii, ambayo wengine wenu mmefundishwa kwa Kiingereza kwenye vyuo vizuri, mimi niliifundishwa kwa Kiswahili katikati ya London. Kile kimiminika cha kulishia seli kina jina refu, sisi tulikiita uji. Seli zenyewe Bwana Kantilal alizisema kama watu. "Uji ukiwa wa waridi, wameshiba. Ukigeuka njano, wana njaa. Ukiwa na ukungu, kuna mgeni ameingia, na mgeni huyo hapikiwi chai." Alinikataza kuongea juu ya chupa iliyo wazi, kuvaa pete, na kuharakisha. Alinifundisha kuangalia kwanza kabla ya kugusa. Kila asubuhi alifungua mlango wa kabati la joto, kule seli zinakolala, akatazama tu, mikono ikiwa nyuma. Mwanzoni nilidhani anasali. Baadaye nikaelewa kwamba anasoma rangi.

Seli hazijui Jumapili, kwa hiyo tulibadilishana zamu. Jumapili alizilisha yeye, mimi nikaenda kanisani. Siku za Diwali nilizilisha mimi. Mpango huo haukuandikwa popote na haukuwahi kuvurugika, jambo ambalo siwezi kulisema juu ya mipango iliyoandikwa.

Kulikuwa na kitu kimoja alichokifanya bila kukipenda. Uji wa siku zile ulitiwa seramu, nayo ilitoka kwenye damu ya ndama ambaye hajazaliwa. Bila hiyo seli hazikukua. Na Bwana Kantilal alikuwa mtu asiyekula nyama, wala samaki, wala yai, kama wazazi wake na wazazi wao. Mimi ni mtoto wa wafugaji wa Mpwapwa, ada yangu ya sekondari ilitoka zizini, kwa hiyo ile chupa haikunisumbua. Lakini nilimwona anavyotulia kidogo kabla ya kuifungua. Siku moja nikamuuliza.

"Naitumia kwa sababu ya wagonjwa," akasema. "Siku wakipata uji usio na damu, hizi chupa nitazimwaga mimi."

Kesi ngumu zilikuwa nyingi. Nitasimulia moja. Aliletwa mama mmoja, mpishi wa mgahawa mdogo, aliyemwagikiwa na mafuta ya moto mgongoni na mikononi. Madaktari wakatuletea kipande cha ngozi yake isiyoungua, kadiri ya ukucha wa kidole gumba, ili tukikuze kiwe mashuka membamba ya kumfunika. Kazi hiyo huchukua majuma. Tulipokuwa karibu kumaliza, nilifungua kabati la joto nikaona kwenye chupa moja kitu kama pamba. Ukungu. Nikaangalia ya pili, na ya tatu.

Nilimwambia Bwana Kantilal kwamba labda nyingine zinaweza kuoshwa. Alizitazama muda mrefu.

"Ungekubali kumwekea mama yako mgongoni?" akauliza.

"Hapana."

"Basi lete dawa ya kuulia."

Tuliziua zote zilizokuwa kwenye kabati lile. Nililia huku nikimwaga, naye hakunizuia. Kisha akanipeleka chumba cha pili, kwenye kabati jingine, na humo mlikuwa na nusu ya seli za yule mama. Alikuwa amezigawa tangu siku ya kwanza, kama alivyogawa za kila mgonjwa. Zilikuwa safi. Hazikutosha mwili wote, ikabidi daktari achague, akachagua mikono. Mgongo ulingoja awamu ya pili.

Miezi mingi baadaye yule mama alikuja kutuona. Alikunja mkono wa blauzi akaniambia niguse. Nikagusa. Ngozi ilikuwa imekunjamana kidogo, lakini ilikuwa ya moto kama ngozi yoyote. Nimeifikiria siku ile mara nyingi katika mambo yaliyonipata baadaye. Hakuna bunge lililokaa kujadili kama ile ilikuwa ngozi ya kweli.

Bwana Kantilal alistaafu, nami nikabaki na funguo zake. Miaka ikapita, maabara yetu ikaunganishwa na nyingine iliyoko mji wa mbali, nikaambiwa naweza kuhama au kuacha. Nina nyumba Ilford, nina mume ambaye hahami hata kiti. Nikaacha. Nilikuwa bado sijafikia umri wa kupumzika na nilikuwa naosha vyombo visivyo vichafu, ndipo aliponipigia simu Harriet. Huyu aliwahi kupita kwetu akiwa mwanafunzi, msichana mrefu aliyekuwa akiuliza maswali mpaka chai inapoa. Sasa alikuwa daktari wa sayansi na ameanzisha kampuni kwenye ghala la zamani la samani, mtaa wa Walthamstow.

"Nahitaji mtu anayeliona tatizo kabla halijafika," alisema.

"Unakuza nini?"

"Kuku."

Nilidhani ni ufugaji. Akanieleza. Walichukua seli kidogo kutoka kwa kuku mmoja wa shamba la Essex, kuku mwenyewe akarudishwa bandani akaendelea kudonoa, na zile seli zikakuzwa kwenye matangi mpaka zikawa nyama.

Jumamosi ile nilimpigia mdogo wangu Lazaro, aliyebaki Mpwapwa na ng'ombe wa baba.

"Dada, hebu rudia," alisema. "Kuku anakua kwenye pipa?"

"Siyo kuku. Nyama yake."

"Bila miguu?"

"Bila miguu."

"Basi huyo hatakimbia siku ya wageni," akasema, akacheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena hakuwa anacheka. "Wakishazoea hao wa pipa, mimi ng'ombe wangu nitampeleka wapi?"

Nilimwambia hayo yako mbali. Ndivyo nilivyoamini.

Miaka ya Walthamstow ilikuwa ya furaha. Asubuhi nilipanda basi kutoka Ilford, nikapita sokoni wakati wauzaji wanafungua vibanda, nikafika ghalani kabla ya wengine. Matangi yalikuwa ya chuma kinachong'aa, marefu kunizidi, na yalinguruma taratibu. Tulikuwa watu wachache. Mmoja alikuwa Wanjiru, binti wa Nakuru mwenye shahada tatu, ambaye aliniita Anti tangu siku ya kwanza. Niliposikia Kiswahili tena kwenye chumba cha seli nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Wanangu wenyewe hunijibu kwa Kiingereza.

Kazi kubwa ilikuwa kuiondoa ile damu ya ndama. Harriet hakula nyama tangu utotoni, na alikuwa ameapa kwamba hatauza kitu kilichokuzwa kwa damu. Tulijaribu vitu vya mimea, tukashindwa, tukajaribu tena. Seli zilikataa kama mtoto anayekataa kuachishwa ziwa. Siku seli zilipokubali, zikajaa tangi zima zikiwa kwenye uji usio na tone la damu, nilitoka nje nikampigia Mzee Kantilal. Siku hizo ndivyo nilivyomwita, maana umri ulikuwa umempa haki hiyo.

"Bila damu kabisa?" akauliza.

"Kabisa, mzee."

Nikamsikia akipunguza sauti ya redio yake. "Nimeishi mpaka nimesikia hilo," akasema.

Tulionja wenyewe kwa wenyewe, kwa hiari, baada ya kutia saini fomu ya kukubali. Harriet naye alionja, ikawa nyama yake ya kwanza tangu akiwa msichana mdogo. Alitafuna macho yakiwa yamefumbwa. Mimi nilisema ladha ipo lakini nyuzi bado, inavunjika kama keki. Tukarudi kwenye matangi.

Kuuza hapa Uingereza kulihitaji idhini, na wakaguzi walikuwa bado wanatuuliza. Kwa nini joto hili, kwa nini chumvi hii, mkipata ukungu mnafanyaje. Niliwapenda wakaguzi wale. Maswali yao yalikuwa maswali ya Mzee Kantilal. Tukiwangoja, tumaini letu la mapema likawa Marekani. Kule serikali kuu ilikwisha kuiruhusu kampuni ya huko tuliyoshirikiana nayo iuze nyama ya namna hii, na mpishi mmoja wa jimbo la kusini, mwenye mgahawa wenye jina, alikubali kuiweka kwenye orodha yake ya chakula. Tulishachagua hata rangi ya sanduku.

Ndipo ukaja muswada wa jimbo. Serikali kuu imeruhusu, lakini jimbo linaweza kuweka sheria yake, na hili lilitaka kuikataza nyama ya maabara isiuzwe popote ndani ya mipaka yake. Siku ya kusikilizwa tulikaa ofisini kwa Harriet mchana, tukitazama kwenye kompyuta. Mfugaji mmoja wa ng'ombe alisimama kutoa maoni. Alikuwa mzee, kofia ameishika tumboni.

"Babu yangu alifuga," alisema. "Baba yangu alifuga. Mwanangu anataka kufuga. Mkikubali kitu hiki kiitwe nyama, nimwambie nini?"

Wanjiru alikasirika. "Lakini sisi tunakuza kuku, Anti. Huyu ana ng'ombe. Si angengoja zamu yake?"

Harriet alicheka kidogo. Mimi sikucheka, kwa sababu yule mzee alikuwa amesimama kama Lazaro anavyosimama, uzito wote kwenye mguu mmoja.

Mbunge mmoja mwanamke aliuliza kwa nini watu wasiachiwe waamue wenyewe kununua au kutonunua. Hakujibiwa. Mwingine alisema ni chakula cha watu wasioipenda nchi. Nilingoja mtu aulize kuhusu joto, au chumvi, au ukungu. Hakuna aliyeuliza. Wakapiga kura, muswada ukapita, na baada ya muda mkuu wa jimbo akautia saini. Tangu hapo mwenye kuuza anashtakiwa. Yule mpishi alimpigia Harriet akamwambia kwa huzuni kwamba ana watoto wa kulea na hawezi kufungwa kwa sababu ya kuku. Majimbo mengine yakafuata njia hiyo. Wenye mitaji waliotufadhili wakaanza kutojibu simu, na anayejua London anajua hiyo ni lugha gani.

Lazaro nilimweleza mwenyewe.

"Hao wabunge wana akili," alisema mara moja. "Ningekuwa mimi ningenyanyua mikono yote miwili."

Nilihamishia simu sikio la pili.

"Dada?"

"Nipo."

"Kwani kampuni yenu inafungwa?"

"Inafungwa."

"Na wewe?"

"Mimi napumzika. Vijana ndio wanatafuta kazi."

Nikasikia kengele za mifugo nyuma yake. "Basi hapo hawakufanya vizuri," akasema. "Wangewaambia mwende polepole. Mtu hamfungii mwenzake mlango usoni."

Nimefikiri sana juu ya maneno hayo. Sikumwona yule mfugaji kuwa adui, na sijamwona hivyo mpaka leo. Ananijia akilini kama mtu wa kwetu. Lakini najua tofauti kati ya anayekukagua na anayekukataa kabla hujasema. Wa kwanza anakuchosha. Wa pili anakuacha ukiwa na majibu ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Juma la mwisho kabla ya kampuni kufungwa nilikwenda Tooting. Mzee Kantilal sasa amefiwa na mkewe, anakaa na bintiye Bhavna, ambaye alituletea chai ya tangawizi na mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Mzee alikuwa amefunikwa blanketi magotini, lakini akili yake haikuwa imefunikwa na chochote.

"Nieleze ladha yake," alisema.

Kumweleza ladha ya kuku mtu ambaye hajala nyama maishani mwake si jambo dogo. Nilianza na uyoga uliokaangwa kwa siagi, nikaacha. Nikasema ni kama mchuzi wa dengu uliokolea, ila una kitu cha kutafuna. Nikakwama.

"Ina ladha ya nyumbani siku ya sikukuu," nikasema mwishowe.

"Hiyo naijua," akasema.

Nikamuuliza kama angekula, iwapo sheria ingeniruhusu kumletea.

"Nimejiuliza tangu uliponipigia simu ile. Hakuna aliyechinjwa, hakuna damu. Kichwa kinasema kula." Akagusa kifua. "Huku bado hakujajibu." Kisha akauliza, "Nani atazima matangi?"

"Kuna mafundi wa kukodi watakuja."

"Zima wewe. Usiwaachie watu wasiowajua."

"Seli hazijui nani anazima, mzee."

"Najua hazijui. Wewe unajua."

Kwa hiyo Ijumaa ya kuzima niliwahi kuliko siku zote. Harriet alikuwa ameshafika, amekaa sakafuni, mgongo kwenye tangi kubwa. Tulikubaliana hivi: vichupa vichache vya seli vigandishwe kwenye baridi kali na vipelekwe chuo kikuu kimoja kilichokubali kuvihifadhi, pamoja na maelezo ya ule uji usio na damu. Zilizobaki ziuawe. Wanjiru na mimi tulijaza vichupa. Mikono yake ilikuwa imara kuliko yangu. Tulipomaliza nikaenda kwenye matangi, nikatia dawa, nikangoja muda unaotakiwa, nikazima moja baada ya jingine. Sikujua kama nitalia, na sikulia. Kilichonishtua ni ukimya. Kwa miaka yote ile sikuwahi kusikia sauti ya mvua juu ya bati la ghala lile, na sasa niliisikia, ikinyesha ndogo ndogo kama inavyonyesha London.

Hatukujua la kufanya baada ya hapo, ilikuwa bado saa sita mchana. Wanjiru akasema ana njaa. Mvua ilipokatika tukaenda sokoni, wote, tukanunua kuku wa kukaanga na chipsi kwenye duka la kona, tukakaa kwenye ukuta mfupi kando ya barabara, masanduku magotini. Harriet alichukua chipsi tu. Watu walipita na mikoba yao, mwanamke mmoja akivuta kitoroli kilichojaa ndizi.

Tulikula. Kuku alikuwa mzuri, siwezi kudanganya, wa moto, na nyuzi zake zilichanika zilivyopaswa kuchanika. Harriet alikuwa akitutazama.

"Niambieni ukweli," alisema. "Yetu ilikuwa inakaribia hiyo?"

"Ilishafika," Wanjiru akajibu haraka, akaendelea kutafuna.

Harriet akanigeukia mimi, kwa sababu alijua mimi nimekula kuku wa Mpwapwa. Nikafuta vidole, nikajifanya nafikiri, nikamwambia ndiyo, ilifika. Kwa hesabu yangu ilikuwa imebaki kama miaka miwili. Lakini hilo si jambo la kumwambia mtu aliyekaa juu ya ukuta wakati matangi yake yanapoa.